SETILAITI HAIELEI: Uhakiki wa vitenzi vya anga katika Kiswahili cha ufafanuzi

0. Utangulizi

Katika shule za sekondari za Kongo, fizikia hufundishwa kwa Kifaransa. Kanuni huandikwa ubaoni kwa Kifaransa, hukaririwa kwa Kifaransa, na katika mtihani hujibiwa kwa Kifaransa. Hata hivyo, katika miji ya mashariki na ya kusini, kuanzia Lubumbashi hadi Bukavu na Goma, hufika saa ambapo mwalimu husoma katika nyuso za wanafunzi kwamba kanuni imesikika lakini haikufahamika. Hapo huweka chaki chini, husema "yaani", kisha hufafanua kwa Kiswahili. Sentensi inayofuata neno hilo "yaani" haimo katika programu ya masomo wala katika kitabu cha mwanafunzi. Lakini ndiyo ambayo mwanafunzi huenda nayo nyumbani, na ndiyo hubaki baada ya kanuni kusahaulika.

Makala haya yanakusudia kuhakiki sentensi za namna hiyo katika uwanja mmoja, yaani ule wa setilaiti na roketi. Uwanja huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wasemaji wa Kiswahili hukutana na matunda yake kila siku, katika televisheni, katika simu na katika habari za hali ya hewa. Pili, ni mmojawapo wa viwanja ambavyo hutajwa upesi kila mara inapodaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba sayansi. Sentensi zitakazochunguzwa ni nne, nazo ni za kawaida kabisa:

(a) Setilaiti inaelea angani.
(b) Roketi huipeleka setilaiti juu, mahali ambapo dunia haivuti tena.
(c) Roketi husukuma hewa ndipo ipande.
(d) Setilaiti ya televisheni imesimama juu yetu.

Kisarufi, sentensi hizi ni safi. Nomino zake hazina lawama: "setilaiti" na "roketi" ni maneno ya kukopa yaliyokwisha kuzoeleka, na "dunia", "hewa" na "anga" ni ya zamani. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyo kweli. Hoja ya makala haya ni kwamba kosa lao limo katika vitenzi, na kwamba dawa yake inapatikana katika sarufi ya Kiswahili yenyewe, kabla ya kwenda kukopa neno lolote.

1. Kuelea, kutundikwa, kuanguka

Kitenzi "kuelea" kina masharti yake. Mtumbwi huelea kwa sababu maji yanaubeba. Puto huelea kwa sababu hewa inalibeba. Kila kinachoelea kina kitu chini yake au pande zake kinachozuia kisizame. Kadhalika "kutundikwa", kitenzi kinachosikika pia kuhusu setilaiti, hudai msumari au kamba. Msemaji anapochagua kimojawapo cha vitenzi hivyo, ameahidi kibebeo ambacho hataweza kukionyesha, maana kwenye kimo cha setilaiti hewa ni hafifu mno kubeba chochote, na kamba haipo. Akiulizwa na mwanafunzi mwerevu ni nini basi kinachoishikilia, hana budi kutunga sentensi (b): haihitaji kushikiliwa, kwani imefika mahali ambapo dunia haivuti tena. Hivyo ndivyo kosa la kitenzi linavyozaa kosa la fizikia.

Mfano mmoja watosha kuipinga sentensi (b), na mfano huo una jina la Kiswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi hiyo. Kazi yake ilikuwa kupima mionzi ya eksirei itokayo angani, nayo ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi hiyo pekee. Ilizunguka dunia kwenye kimo cha kati ya kilomita 500 na 600, ikimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi. Kwenye kimo hicho, nguvu ambayo dunia huvutia kitu ni zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopo ardhini. Kama mtu angejenga mnara wa urefu huo na kusimama kileleni, angejiona amepungukiwa uzito kidogo tu, akiteleza, angeanguka. Uhuru haikuwa imetoka katika mvutano wa dunia. Ilikuwa ndani yake kabisa.

Basi kwa nini haikuanguka? Jibu sahihi linashtua: ilikuwa ikianguka muda wote. Isaac Newton alilieleza jambo hili kwa mfano uliochapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Tuseme pana mlima mrefu kupita hewa, na kileleni pana mzinga uliolazwa sawasawa. Tufe likipigwa kwa mwendo mdogo, huanguka karibu na mlima. Likipigwa kwa mwendo mkubwa zaidi, huanguka mbali zaidi. Sasa, kitu chochote kinachoachiliwa karibu na ardhi huanguka karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza. Nayo dunia ni mviringo, na uso wake huinama karibu mita 5 kwa kila kilomita 8. Tufe likipewa mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde, litaanguka mita 5 huku ardhi nayo imeinama mita 5. Sekunde inayofuata ni vivyo hivyo, na inayofuata vivyo hivyo. Tufe halijaacha kuanguka hata kidogo. Limekosa tu mahali pa kuangukia.

Hapa mhakiki wa lugha ana neno la kusema ambalo mwanafizikia hana. Msemaji husita kusema kwamba setilaiti "inaanguka" kwa sababu, katika masikio yake, kuanguka ni tukio lenye mwisho: embe huanguka, likalala chini. Lakini sarufi haikufunga kitenzi na mwisho wake. Kiambishi "-na-" huonyesha kitendo kinachoendelea, na "-me-" huonyesha kitendo kilichofikia kikomo chake. "Setilaiti inaanguka" na "setilaiti imeanguka" ni habari mbili zilizo mbali kabisa. Ya kwanza ni kweli kuhusu kila setilaiti iliyo juu, saa hii na kila saa. Ya pili hutangazwa redioni. Uhuru ilikuwa ikianguka kuanzia Desemba 1970. Ilianguka Aprili 1979, baada ya hewa hafifu ya juu kuipunguzia kimo mwaka hadi mwaka. Muda wa zaidi ya miaka minane uliopita kati ya vitendo hivyo viwili umebebwa wote na tofauti ya njeo.

Wala si Kiswahili sanifu peke yake chenye uwezo huo. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho hupanga njeo zake kwa namna yake, hutenganisha mambo hayo kwa uwazi uleule: "iko inaanguka" kwa kinachoendelea, "inaisha kuanguka" kwa kilichokwisha. Mwalimu anayefafanua kwa lugha ya mtaani kwake hana sababu ya kuona haya. Akisema "iko inaanguka", amesema neno la Newton.

2. Mbwa aitwaye Satellite

Wapo watakaosema kwamba makosa haya ni ya lugha changa katika sayansi, na kwamba Kifaransa kingemlinda mwanafunzi. Dai hilo linapimika, kwa kuwa fasihi ya Kifaransa inayo riwaya mashuhuri kuhusu safari ya anga. Jules Verne alitoa De la Terre à la Lune mwaka 1865, na mwendelezo wake, Autour de la Lune, ulianza kuchapishwa gazetini mwaka 1869. Watu watatu, Barbicane, Nicholl na Michel Ardan, hufungiwa ndani ya kombora na kupigwa kwa mzinga mkubwa kutoka Florida kuelekea mwezini.

Verne alikuwa mwandishi mwenye bidii ya hesabu. Alifahamu kwamba mwendo unaohitajiwa ni kama kilomita 11 kwa sekunde, akachagua mahali pa kurushia kwa sababu za kisayansi. Pamoja na hayo, aliamini kwamba wasafiri wake wangesimama kwa miguu yao sakafuni siku zote za safari, uzito wao ukipungua polepole, hadi wafike mahali pamoja tu ambapo mvuto wa dunia na ule wa mwezi unalingana. Hapo ndipo huwafanya waelee kwa muda mfupi. Hii ni sentensi (b) yenyewe, katika Kifaransa fasaha, kutoka kwa mwandishi stadi: asiye na uzito ni yule asiyevutwa.

La ajabu ni kwamba riwaya ileile inajikanusha. Ndani ya kombora wamo mbwa wawili, na mmoja wao anaitwa Satellite. Huyo huumia wakati wa kurushwa, akafa, nao wasafiri wakamtupa nje dirishani. Baadaye wanaona kitu kikifuatana nao nje ya kioo: ni maiti ya mbwa, haikuachwa nyuma wala haikutangulia. Katika jambo hili Verne alisema kweli tupu. Mbwa na kombora walikuwa na mwendo mmoja na walivutwa namna moja, basi hawakuwa na sababu ya kutengana. Lakini mwandishi hakujiuliza swali lililofuata. Kama mbwa aliye nje huandamana na kombora bila kugusana nalo, mtu aliye ndani anakanyagaje sakafu? Yeye naye ana mwendo uleule na anavutwa vilevile. Sakafu haina kitu cha kumzuilia. Alipaswa kuelea tangu kombora lilipotoka hewani, kama mbwa wake alivyofanya.

Riwaya inastahili sifa kwa mbwa na lawama kwa sakafu. Tena inatufundisha kwamba picha ya akili inaweza kuwa sahihi mahali ambapo maelezo yanakosea. Verne alipoacha macho yake yaone, aliona vema. Aliposhika neno "uzito" na kulifuata, lilimpoteza.

Kifaransa cha kisasa kimejaribu kujirekebisha. Neno "apesanteur" likitanguliwa na kibainishi, "l'apesanteur", husikika sawasawa na "la pesanteur", ambalo ni kinyume chake. Ndiyo sababu wataalamu wakapendekeza "impesanteur". Marekebisho hayo yametibu sikio bila kugusa maana, kwa kuwa neno jipya nalo linatangaza kukosekana kwa kitu ambacho kipo. Kiswahili hutumia maneno kama "hali ya kutokuwa na uzito", nayo yana kasoro hiyohiyo. Afadhali semi inayotaja kitendo: "hali ya kuanguka huru". Asiyehisi uzito ni yule ambaye sakafu yake inaanguka pamoja naye.

3. Kupanda, kurushwa, kusukumana

Sentensi (b) ina kosa la pili, lililofichwa katika neno "juu". Msikilizaji hufahamu kwamba kazi ya roketi ni kupanda, na kwamba ikishapanda vya kutosha kazi imekwisha. Hesabu inasema vingine. Ili kitu kifike kimo cha kilomita 100 kikipanda wima, yatosha kukirusha kwa mwendo wa kama kilomita 1.4 kwa sekunde, tukiacha kizuizi cha hewa. Kitafika, kitasimama kitambo, kisha kitarudi. Ili kibaki kikizunguka, kinahitaji mwendo wa kando wa karibu kilomita 7.8 kwa sekunde, na nishati ya mwendo huo ni karibu mara 30 ya ile ya kupanda. Ndiyo maana roketi ya setilaiti, ingawa huanza wima ili itoke upesi katika hewa nzito, huinama baada ya muda mfupi na kutumia sehemu kubwa ya nguvu zake ikienda upande.

Historia ya Kongo inao ushahidi wa jambo hili. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilipewa eneo kubwa kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Uwanja wake wa kurushia ulikuwa kwenye uwanda wa juu karibu na mto Luvua. Roketi zilirushwa hapo tarehe 17 Mei 1977, tarehe 20 Mei 1978 na tarehe 5 Juni 1978. Hii ya mwisho ilishindwa mbele ya Rais Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 kampuni iliondolewa nchini. Roketi hizo zilikuwa za majaribio na hazikukusudiwa kuweka kitu katika mzunguko. Zilipanda makumi machache ya kilomita, zikarudi. Anayesema tu kwamba "roketi zilikwenda angani kutoka Shaba" hajadanganya, ila kitenzi chake hakimwezeshi kutofautisha zilizokwenda na kurudi na zile ambazo hazirudi. Tofauti haimo katika kwenda juu. Imo katika mwendo wa kando.

Kwa bahati njema, wasemaji wa kawaida wanalo neno zuri, nalo hutumiwa kila siku magazetini: "kurusha". Kitenzi "kuruka" kina matawi mawili. Ndege huruka kwa kuegemea hewa. Mtu huruka mfereji kwa kujisukuma mara moja, kisha huenda bila msaada hadi atue. Setilaiti iko katika tawi la pili. Haipigi mabawa wala haiendeshwi na injini siku zote. Imerushwa, kama jiwe lirushwavyo, na tangu hapo inaendelea na mruko ambao haujapata ng'ambo ya mfereji. Anayesema "kurusha setilaiti" amesema sahihi zaidi kuliko anayesema "kupeleka" au "kupandisha", nalo ni jambo la kutia moyo kwamba matumizi ya watu yalitangulia maelezo ya shule.

Sentensi (c) nayo inatibiwa na kiambishi kimoja. Kama roketi ingesukuma hewa, isingeweza kwenda popote penye ombwe, na kumbe ni huko ndiko hufanya kazi vizuri zaidi. Roketi husukuma gesi yake yenyewe, na gesi huisukuma roketi. Kiswahili husema hayo kwa neno moja: roketi na gesi "zinasukumana". Mnyambuliko wa "-ana" unabeba kanuni ya tatu ya Newton yote, kwamba hakuna asukumaye asiyesukumwa. Vivyo hivyo "mvutano" ni neno bora kuliko "mvuto", kwa kuwa dunia na setilaiti zinavutana, kila moja kwa nguvu ileile. Ni ukubwa wa dunia tu unaofanya mwendo wake usionekane. Katika lugha ya Kifaransa mwanafunzi hufundishwa kwanza kwamba dunia huvuta, kisha huambiwa kwa sentensi nyingine kwamba nayo huvutwa. Katika Kiswahili sentensi moja yatosha, iwapo mwalimu atakumbuka kuitumia.

Gharama ya kusukumana huko ni kubwa. Konstantin Tsiolkovsky, Mrusi aliyekuwa mwalimu wa shule, alichapisha hesabu yake mwaka 1903. Gesi ikitoka kwa kasi ya kilomita 3 kwa sekunde, na roketi ikihitaji kufikia jumla ya kilomita 9 kwa sekunde, basi katika kila tani 20 zinazoondoka ardhini, tani 19 ni za kuunguzwa njiani. Tani moja inayosalia ndiyo injini, matangi na setilaiti pamoja. Kwa hiyo roketi hujengwa kwa hatua, na kila hatua ikimaliza kazi hutupwa. Kwa hiyo pia hutafutwa msaada wowote unaopatikana bure. Kwenye ikweta dunia yenyewe hujizungusha kuelekea mashariki kwa karibu mita 465 kwa sekunde. Roketi inayorushwa mashariki kutoka hapo huondoka ikiwa na mwendo huo tayari. Hiyo ni sababu mojawapo ya jukwaa la San Marco kuwekwa karibu na ikweta, huku bahari ikiwa upande wa mashariki, tayari kupokea vinavyoanguka.

4. Kuwahi na kusimama

Vitenzi vya mwendo vinadanganya hata wataalamu wenyewe. Tarehe 3 Juni 1965, rubani James McDivitt, akiwa ndani ya chombo cha Marekani kilichoitwa Gemini 4, alijaribu kukikaribia kipande cha roketi kilichokuwa kimewarusha. Alifanya kama angefanya mtu yeyote barabarani: alielekeza chombo kwenye shabaha na kuongeza mwendo. Alivyozidi kujitahidi ndivyo kilivyozidi kumwacha, hadi akalazimika kukata tamaa ili asimalize mafuta yake.

Sababu ni hii. Katika mzunguko, anayeongeza mwendo hupanda kwenye njia ya juu zaidi, njia ya juu ni ndefu, tena mwendo wake ni mdogo, hivyo huchelewa. Anayepunguza mwendo hushuka kwenye njia ya chini, iliyo fupi na yenye mwendo mkubwa, hivyo huwahi. Anayetaka kumfikia aliye mbele yake hana budi kwanza kushika breki. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka hawakuwa wakiwaza habari za anga, lakini Gemini 4 ingefaa kuwa mfano wa methali hiyo. Somo lilishikwa: tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, Gemini 6A iliifikia Gemini 7 kwa kufuata hesabu, hata vyombo viwili vikabakiwa na nafasi pungufu ya mita moja. Kwa mwalimu, funzo ni kwamba "kuwahi" na "kuongeza mwendo" ni vitenzi viwili, na kwamba asivifanye kimoja eti kwa kuwa barabarani huandamana.

Inabaki sentensi (d). Kadiri njia inavyokuwa ya juu ndivyo mzunguko unavyochukua muda mrefu. Uhuru ilihitaji dakika 96. Mwezi, ulio mbali, huhitaji siku 27 na zaidi. Kati ya hizo mbili pana kimo kimoja, kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambapo mzunguko huchukua muda sawa na ule ambao dunia hujizungusha mara moja. Setilaiti iliyo hapo, ikielekea mashariki, haionekani kutoka mahali pake. Setilaiti za matangazo ya televisheni ziko katika duara hilo. Ndiyo sababu fundi hulielekeza dishi mara moja tu, akalifunga kwa skrubu. Mjini Lubumbashi, ulio kusini mwa ikweta, madishi yote hutazama upande wa kaskazini, yakielemea mashariki au magharibi kwa kufuata setilaiti iliyochaguliwa. Kusini mwa ikweta, yanayofuata duara hilo hayana mahali pengine pa kutazama.

Je, setilaiti hiyo "imesimama"? Inakwenda kilomita 3 na zaidi kwa kila sekunde. Mfano wa ngoma utafaa hapa. Mchezaji wa katikati hujigeuza polepole. Mwenzake wa pembezoni huzunguka duara kwa kadiri ileile. Wa katikati humwona mwenzake mbele ya macho yake daima, na angeweza kuapa kwamba hakusogea. Walio nje ya duara wanaona jasho lake. Hapa tena sarufi inatoa msaada. "Imesimama" ni habari ya setilaiti. "Inaonekana imesimama" ni habari ya setilaiti pamoja na mtazamaji. Kitenzi kisaidizi kimoja kimemwingiza mtazamaji katika sentensi, na bila yeye sentensi ni ya uongo.

5. Pingamizi

Msomaji aweza kupinga kwamba mjadala wa vitenzi ni kujisumbua bure. Tukope "obiti", tukope "graviti", kila neno libebe maana yake ya kisayansi, na mambo yaishe. Pingamizi hili lina uzito wake. Istilahi ya kukopa huwaunganisha wanafunzi na wenzao wa nchi nyingine, wala haina picha ya zamani inayoweza kupotosha.

Hata hivyo, maneno hayo yenyewe yalianza kama picha. "Satellite" linatokana na neno la Kilatini la mfuasi au mlinzi anayeandamana na mkubwa; Johannes Kepler ndiye aliyelitia katika elimu ya nyota mwaka 1611, alipoandika habari za miezi ya Sumbula. "Orbita" kwa Kilatini ni alama ya gurudumu barabarani, yaani njia iliyochimbwa kabla ya msafiri kupita, na kumbe angani hakuna reli wala mfereji. Picha hizo zimekufa na hazimdhuru yeyote. Nomino huzoeleka, ikaacha kusema kitu chochote isipokuwa jina. Kwa sababu hiyo "obiti", "mzingo" na "njia ya mzunguko" zinaweza kushindana kwa amani, na wachapishaji wakachagua watakalo.

Kitenzi hakifi namna hiyo. "Kuelea" hutumika kila siku mtoni na "kutundikwa" kila siku ukutani. Maana yao huoshwa upya kila asubuhi, na mwanafunzi huja nayo darasani. Tena kitenzi hakikopeki kwa urahisi. Mwalimu aweza kusema "setilaiti iko katika obiti" na kutulia, lakini mwanafunzi atauliza: inafanya nini huko? Jibu litakuwa kitenzi, na kitenzi hicho kitakuwa cha Kiswahili, apende asipende. Kamati za istilahi zimetumia nguvu nyingi kwenye nomino. Ni haki kuomba kwamba kila nomino ya sayansi inayopitishwa iandamane na vitenzi vyake: ni nini kinafanyika, nani anafanyiwa, na kitendo kinaendelea au kimekwisha.

6. Hitimisho

Sentensi nne za mwanzo zaweza sasa kuandikwa upya bila neno hata moja jipya. (a) Setilaiti inaanguka kuizunguka dunia. (b) Roketi huirusha setilaiti kando kwa mwendo mkubwa, huku dunia na setilaiti zikivutana. (c) Roketi na gesi yake husukumana. (d) Setilaiti ya televisheni huzunguka sawa na dunia, hivyo inaonekana imesimama. Hakuna mwanafunzi wa Lubumbashi atakayeshindwa kuzifahamu, wala mwanafizikia atakayezikataa.

Kuhusu Uhuru, waliochagua jina hilo walikusudia uhuru wa taifa. Ukilitazama neno kwa jicho la fizikia, linaonekana kukosea mahali: hakuna kitu kilichofungwa kuliko setilaiti, ambayo hata njia yake ya kesho inaweza kuhesabiwa leo. Lakini wanafizikia wa Kifaransa wanaposema "chute libre" nao hutumia neno lilelile, na Kiswahili husema "kuanguka huru", yaani kuanguka pasipo kitu kingine kinachoshika. Kwa maana hiyo jina lilikuwa sahihi kwa muda wote wa miaka minane. Kilichohitajika ni mtu wa kulifafanua darasani, baada ya kusema "yaani".